Mwalimu Ildephonse Ntirampeba na Imla ya Saa Kumi na Moja

Wahenga walisema lisemwalo lipo. Hili linalosemwa hapa Johannesburg, mitaa ya Yeoville na Bellevue, tangu Krismasi, lililoingia hadi kwenye matanga na kukaa mkekani pamoja na waliofiwa, halipo. Carmel, binti wa marehemu, hakumfungia baba yake mlango. Hakuongeza muziki ili asimsikie. Hakusema, “Mwacheni mzee na mfalme wake.” Yupo aliyesema maneno yanayokaribia hayo, naye atatajwa mahali pake. Bwana Octave, mdogo wa marehemu, anayesoma karatasi hii mbele ya kaburi, ameombwa na aliyeiandika asiruke mstari hata mmoja. Marehemu hakuwahi kumsamehe mtu aliyeruka mstari.

Mwalimu Ildephonse alizaliwa Rumonge, Burundi, tarehe 14 Agosti 1961, mtoto wa kwanza wa mkamua mawese. Mwaka wa mauaji, 1972, baba yake alichukuliwa na hakurudi. Mama yao aliwashika mikono wanawe wawili, akavuka nao mpaka kuingia Tanzania, na mwishowe wakapewa shamba katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Tabora.

Shule ya msingi alisoma hukohuko, kwa Kiswahili, na ndiyo maana maisha yake yote aliandika Kiswahili kilichonyooka na kukikasirikia kilichopinda. Kiingereza alikipata kwa njia nyingine. Jioni ya Krismasi ya mwaka 1974, muuguzi wa zahanati alifungua redio yake uani, na Malkia wa Uingereza akawa anatoa salamu zake za kila mwaka. Watoto wengine walikimbia kwenda kutafuta wali. Ildephonse, mwenye miaka kumi na mitatu, alibaki, kwa sababu yule mama alisema polepole na kunyamaza mwisho wa kila sentensi, kama mwalimu anayesoma imla. Akachukua boksi la maziwa ya unga, akaandika upande wa ndani kila alichosikia. Shule ilipofunguliwa alimpelekea mwalimu wake. Mwalimu alilisoma boksi mara mbili, akasema, “Humu mna maneno saba ya Kiingereza. Mengine umeyaumba mwenyewe, lakini umeyaumba vizuri.” Mwaka uliofuata maneno yalikuwa arobaini. Mwaka 1984 alihitimu chuo cha ualimu Tabora, somo lake Kiingereza.

Alirudi Burundi mwaka 1991 na kufundisha katika sekondari moja ya Bujumbura. Hapo alimkuta Goreth, aliyekuwa ametoka chuo kikuu na shahada ya historia, akifundisha chumba cha jirani. Walifunga ndoa kanisani tarehe 18 Julai 1992. Krismasi yao ya kwanza bibi arusi alimwona mumewe akichonga penseli mbili na kuisogeza redio karibu.

“Baba wa watu,” akamwambia, “sisi tulikuwa na mwami wetu, mfalme kabisa, tukamwondoa mwaka niliozaliwa. Leo unakaa kitako mbele ya malkia wa wengine?”

“Simsikilizi malkia, Goreth. Nasikiliza nukta zake. Hakuna mtu duniani anayeiheshimu nukta kama huyu mama.”

Hilo ndilo jibu kwa wanaosema kwamba marehemu aliwaabudu wafalme wa Wazungu. Wimbo wao wa taifa ulipopigwa hakusimama hata siku moja. Alikuwa akitafuta ukurasa.

Carmel alizaliwa mwaka 1994, vita vikiwa vimekwisha kuingia mitaani. Mwaka 1996 familia iliondoka, na Machi 1997 ikafika Johannesburg. Walikaa Berea, familia tatu katika fleti moja, kisha Bellevue, katika vyumba viwili vya nyumba kubwa ya zamani iliyokatwakatwa. Joël alizaliwa hapo mwaka 1999. Cheti cha Tabora hakikumfungulia marehemu mlango wa shule yoyote. Kwa miaka tisa alilinda magari ya watu Braamfontein, nje ya chuo kikuu. Familia haioni haya kulisema. Siku moja mwanafunzi aliyechelewa aliacha insha yake juu ya boneti akitafuta ufunguo. Aliporudisha macho, mlinzi alikuwa amekwisha kumsahihishia ukurasa wa kwanza. Mwanafunzi alifoka, lakini wiki mbili baadaye alirudi na insha nyingine. Baada yake wakaja wengi, na tangu mwaka 2006 hadi alipougua, marehemu alifundisha Kiingereza kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa, wanafunzi wake wakiwa Wakongo na Warundi waliofika jana na juzi.

Krismasi ilikuwa mtihani wao. Saa kumi na moja jioni kwa saa za hapa, kuku akiwa tayari jikoni na hakuna aliyeruhusiwa kumgusa, wanafunzi na watoto wa nyumba walikaa sakafuni mbele ya televisheni na kuandika salamu zote za Malkia, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Firigisi ya kuku, ambayo katika nyumba nyingi ni haki ya baba, yeye aliitoa zawadi kwa mwenye makosa machache. Carmel aliipata akiwa na miaka kumi na mitatu, akawashinda watu wazima kumi na wawili, na kwa juma zima alitembea uani kama waziri. Placide, fundi cherehani kutoka Bukavu anayepanga chumba cha mbele, alikuwa akipiga hodi dirishani kila mwaka: “Mwalimu, Malkia amenisalimia?” Naye alijibiwa kila mwaka: “Amesema upunguze muziki.”

Familia nyingi za huko kwao Malkia, tumeambiwa, ziliacha kutazama siku nyingi. Hapa Bellevue tulitazama, na hatukuwa raia wa mtu.

Kisha watoto wakakua na kukijua Kiingereza cha jiji hili kuliko baba yao. Wanafunzi wakapata kazi za zamu. Krismasi ya 2018 walikuwa watatu tu sakafuni, na Joël, fundi wa simu, akamwonyesha baba yake kioo cha simu.

“Eish, Baba. Yote haya yako humu. Wanayaweka wenyewe, neno kwa neno, hata koma. Unaandika nini tena?”

Marehemu aliipokea simu, akasoma hadi mwisho, akairudisha kwa mikono miwili. “Ni kweli,” alisema. “Hata koma.”

Joël hakukusudia ubaya, na baba yake hakumwekea kinyongo. Ila mwaka uliofuata marehemu aliingia na televisheni chumba cha ndani, peke yake, akafunga mlango. Ikawa sheria: mlango ukifungwa, hakuna kuingia, hakuna kuita, hadi aufungue mwenyewe. Akitoka alimkabidhi Carmel daftari na neno moja, “Sahihisha,” naye Carmel alilinganisha na simu, mkali kama yeye. Malkia alipofariki na mwanawe kuanza kusoma, marehemu alitoka na makosa sita. “Huyu anavuta pumzi mahali pengine,” alisema. “Nitajifunza upya.”

Machi 2024 alipata kiharusi kidogo kilichoulegeza mkono wa kulia. Shinikizo la damu alikuwa nalo siku nyingi, na dawa alikunywa, anayesema hakunywa hakuwapo. Akiwa na miaka sitini na miwili alianza kujifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, mistari ya a na e kama mtoto wa darasa la kwanza. Krismasi ya mwaka huo alikaa chumbani karibu saa nzima akinakili kwa usafi, akatoka na makosa mawili. Firigisi aliila yeye, kwa mara ya kwanza.

Sasa ni mahali pake yule aliyeahidiwa kutajwa. Alhamisi, tarehe 25 Desemba 2025, aliingia saa kumi na moja kasoro dakika tano. Nje walikuwa mkewe, Carmel, Joël na mjukuu, Chloé. Muziki uliosikika ulitoka chumba cha mbele, wala haukuwa mkubwa. Salamu zilikuwa zimeanza tu kitu kilipoanguka ndani.

Carmel alisimama. “Mama, kuna kitu kimeanguka.”

“Kaa chini. Ni kamusi.”

“Kamusi haina kishindo hivyo.”

“Carmel, ukifungua mlango atakosa sentensi. Mwache baba yako amalize.”

Aliyesema hivyo ni mkewe. Ni mwanamke mwenye shahada, aliyefundisha watoto wa watu kutoamini jambo bila ushahidi, naye alikuwa na ushahidi masikioni. Salamu zilikwisha. Kila mwaka marehemu alizima televisheni papo hapo, na safari hii haikuzimwa. Kilifuata kipindi kingine, watu wakicheka. Mkewe alijiambia kwamba kwa mkono wa kushoto rimoti inamsumbua. Chloé aliuliza babu anatoka saa ngapi. Carmel alisimama mara ya pili, akafika mlangoni, akaweka mkono kwenye kitasa. Hapo ndipo Placide alipompita ukumbini na kumwona, na kutoka hapo ndipo yalipozaliwa yanayosemwa. Kwamba alisimama mlangoni ni kweli. Alirudishwa na mama yake: “Nimesema kaa. Anaandika kwa mkono wa mtoto, mpe muda wake.” Chakula kilipakuliwa. Kikaliwa. Firigisi iliwekwa kwenye kisahani na kufunikwa.

Mlango ulifunguliwa saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano, na aliyeufungua ni Carmel, bila ruhusa. Marehemu alikuwa sakafuni kando ya kiti, macho yakiwa wazi. Daftari lilikuwa na mstari mmoja na nusu.

Joël na Placide walimbeba hadi garini. Alilazwa katika hospitali ya serikali siku kumi na moja na hakusema neno. Mkewe alimuuliza daktari kama dakika zile themanini zingebadilisha kitu. Daktari alitazama karatasi zake, akasema, “Mama, tungeweza kujaribu.” Mwalimu Ildephonse alifariki Jumatatu, tarehe 5 Januari 2026, saa tatu asubuhi. Mlango wa wodi ulikuwa wazi, na mkewe alikuwa ameketi kando yake. Ukaribu huo haukumsaidia kitu.

Ameacha mke, Goreth. Watoto wawili, Carmel na Joël. Mjukuu mmoja, Chloé. Mdogo wake, Octave. Na wanafunzi waliotawanyika kuanzia Cape Town hadi Kanada, ambao wengi wao huweka nukta mahali pake.

Carmel amesema hatashika udongo leo, kwamba hastahili. Atashika, na atakuwa wa kwanza. Siku ile aliambiwa akae, akatii, kwa kuwa alilelewa vizuri. Leo anaambiwa asimame.

Mungu ampe mja wake pumziko. Kimya tulikwisha kumpa sisi.

Mkewe amesema aliyotaka kusema. Hataongeza neno, na asiulizwe.