Mama Tuliyemtafuta kwa Walio Hai

Baba Paroko, Mheshimiwa Diwani, wazee wangu mliokaa mbele, ndugu wageni waalikwa, na nyie watoto mlioahidiwa soda ndipo mkaja: habari za asubuhi.

Tumekuja kufungua chumba hiki cha vitabu vya zamani vya parokia, na rangi ya ukutani bado inanuka. Nimeombwa niseme kwa nini ukoo wetu umetoa meza na viti.

Bibi yangu, huyu mnayemwona, amekua akiambiwa kwamba mama yake alimbwaga kanisani akiwa mchanga, akaenda zake na mwanamume. Shuleni walimcheka. Alipoolewa, mawifi wakalipokea hilo neno na kuliendeleza.

Tulipoanza kutafuta, kitabu cha ubatizo kilitupa jina la mama huyo. Mjomba akaenda nalo kwenye sensa ya zamani, akarudi kifua mbele: kampata mji wa pili, ana mume na watoto watano, anakula maisha. Jamani, tulimchukia yule mama! Mmewahi kumnunia marehemu, tena asiye wenu?

Baba Paroko ndiye aliyeuliza kama tumeangalia kitabu cha mazishi. Mtu mnayeamini alikimbia, mtamtafutaje makaburini? Tukakifungua. Jina lile lile, mtaa ule ule, kazikwa siku moja kabla Bibi hajabatizwa, na sababu ya kifo imeandikwa: uzazi. Yule wa sensa alikuwa mtu mwingine mwenye jina hilo hilo. Mjomba, na maneno yake yote mnayoyajua, alikaa chini sakafuni.

Nilipompelekea Bibi habari, hakulia. Aliuliza tu mama yake alikuwa na umri gani. Nikamwambia, miaka kumi na tisa.

"Kumbe alikuwa mtoto," akasema. "Na mimi nimemkasirikia mpaka nimezeeka."

Ndugu zangu, aliyeandika mstari ule alifunga kitabu akaenda kula chakula chake cha mchana. Angejuaje kwamba anamrudishia mama yake mtoto wa siku moja, ambaye angekuja kuupokea ujumbe huo akiwa na miaka themanini na sita?

Bibi ndiye atakayekata utepe. Ila ameomba kwanza asimame, alitamke jina la mama yake mbele za watu, kwa sauti, maana hajawahi kuthubutu. Kwa hiyo mimi nakaa. Asanteni kwa kunipa masikio yenu; sasa mpeni yeye.