Muhuri wa Papa Hilaire Jukwaani

Tarehe 31 Oktoba Papa Hilaire Kazadi anastaafu, baada ya miaka thelathini na mitatu katika ofisi yetu ya vyeti hapa Likasi. Anayeandika ni Emérance wa dirisha la pili, na nakiri mapema kwamba kuna jambo lake moja ambalo mpaka leo halijakaa sawa kichwani mwangu.

Alianza kwa kunakili majina ya watoto kwenye vitabu vikubwa, akapanda mpaka akakabidhiwa muhuri. Kwetu muhuri haulali kwenye droo: aliyekabidhiwa anatembea nao. Papa Hilaire aliufunga katika leso, akaenda nao sokoni, hata kwenye ibada. Kwenye harusi ya binti yake Sephora tuliona mfuko wa koti umevimba, tukamtania sana. Faili isiyotimia aliirudisha, mwenye faili alie asilie. Hakuna mkaguzi aliyewahi kumkuta na kosa.

Kwa kumuaga, wiki tatu zilizopita tulimpeleka ukumbi wa parokia kutazama mchezo wa kuikejeli serikali. Mtu aliyezaliwa Kambove, hapa jirani, anaomba karatasi ya kuthibitisha kwamba ni Mkongomani. Karani anamtaka alete babu yake. Anamleta. Karani anataka babu wa babu. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu, sisi makarani kuliko wote, ingawa sikuelewa tulikuwa tunamcheka nani.

Mwombaji akapiga magoti: «Minye niko wa hapa, papa. Nitaenda wapi tena?»

Papa Hilaire akasimama. Akapanda jukwaani, akachukua karatasi mkononi mwa mwigizaji, akaandika tarehe, akapiga muhuri wa kweli. Watu wakashangilia wakidhani ni sehemu ya mchezo. Mwigizaji akasahau maneno yake. Mimi nilipiga makofi, nikaacha, nikapiga tena.

Kwetu kila kilichopigwa muhuri huandikwa kitabuni, kwa hiyo kesho yake tukawa na mtu asiyekuwepo duniani, mwenye cheti halali. Mkuu wetu, Mama Adrienne, akakataa kusaini makabidhiano, na bila hayo hakuna anayestaafu. Ili kukifuta cheti, lazima mwenye cheti afike na kitambulisho. Mwigizaji akafika na chake. Jina halikulingana, tukamrudisha. Siku kumi hatukujua kama Papa Hilaire angestaafu au angeshtakiwa. Wengine walisema ni uzee, wengine ni utani.

Alipoagizwa kujieleza kwa maandishi, aliacha Kifaransa cha ofisi, akaandika hivi: «Nilijua ni teatre. Ila mutu ule alikuyaka kweli ku dirisha yangu, mu 1993, wakati walikuwa wanafukuza batu. Nilimurudisha. Hakurudia tena.»

Mama Adrienne aliyasoma maelezo hayo akiwa amesimama. Akasaini makabidhiano. Cheti bado kimo kitabuni, na hakuna anayejua tukifanyeje.

Papa Hilaire, sijui kama nikusifu au nikuhurumie, kwa hiyo nakushukuru. Sisi sote wa ofisi tunakuombea afya, wajukuu wengi, na usingizi mzuri.