Mkanda wa Chupa ya Kahawa

Kijiwe chenyewe kiko konani, ubavuni mwa kibanda cha kinyozi, na benchi lake halina mwenzake duniani. Ni kiti cha nyuma cha gari, kimekalishwa juu ya matofali, sponji yake laini mpaka ukisinzia hapo unaota ndoto za mtu aliyekaa kabla yako. Kiti hicho ni cha kigari cha Kapteni, fundi rangi wa mtaa, aliyeking'oa zamani ili ndoo zake na ngazi vipate nafasi. Mkanda wake wa usalama ulikuja nacho, na kazi yake sasa ni kuifunga chupa kubwa ya Mama Chupa, muuza kahawa wa kijiwe, isipinduke watu wakibishana. Na likizo ile joto lilivuka adabu. Rangi ilikaukia kwenye brashi kabla haijafika ukutani, na paka wa kinyozi alikwenda kuomba hifadhi kwa mbwa wa jirani, wakalala kivuli kimoja kama mtu na binamu yake.

Basi Kapteni akaja kifua mbele. Akatangaza kwamba kesho alfajiri anampeleka mkewe na watoto kwa mama mkwe, mwendo wa kutwa, kwa gari lake mwenyewe. Hakusema kwamba tangu alinunue hajawahi kuvuka nalo soko. Wala hakusema kwamba ahadi hiyo huitoa kila likizo, na kila likizo gari huugua ghafla, na kwamba safari hii mkewe alimtazama tu akasema mizigo tayari, kwa sauti isiyojibika. Moyoni aliomba kitu kimoja: mtu yeyote pale kijiweni amwambie asiende. Angebisha kidogo kulinda heshima, halafu angekubali.

Lakini wapi! Spana, fundi magari wa mtaa, ndiye aliyelitibu gari hilo kwa wiki nzima, na alikuwa akijisifu kwamba sasa linaweza kupanda ukuta likashuka upande wa pili likiwa limepata usingizi. Akaanza kumpa Kapteni mafunzo ya barabara ndefu.

— Breki zinaisha kwa kutumika, kaka. Zitunze kwenye mteremko, utazikuta nzima siku ya hatari.

— Na mteremko wenyewe si hatari? aliuliza Mama Chupa, akimimina.

— Mteremko ni barabara tu, imechoka kusimama.

Kapteni akajaribu njia nyingine, akataja kwa mbali kwamba tairi moja la mbele lina kipara, akangoja huruma. Spana akageuka, akamtazama kinyozi. Huyu walimwita Profesa kwa kuwa husoma gazeti lote mpaka anwani ya mchapaji, na ingawa ananyoa mtaa mzima, kichwani mwake hakuna unywele hata wa ushahidi.

— Kipara hiki mmewahi kukiona kikiteleza?

Profesa hakukasirika. Alijikuna kichwa taratibu, akasema tatizo la barabara za likizo si matairi, ni usingizi. Watu wanalala saa mbaya na wanaamka mahali pabaya. Yeye ameshachunguza: binadamu kapewa macho mawili ili yapokezane zamu. Dereva mwenye akili hulaza la kushoto mpaka nusu ya njia, kisha huliamsha na kulaza la kulia, akafika amepumzika kuliko abiria. Kapteni, mtu wa kushika ushauri, alijaribu palepale. Akafumba jicho moja, akanyoosha mkono achukue kikombe, akashika sikio la Spana.

Mama Chupa ndiye peke yake aliyesema lenye kichwa na miguu. Yeye likizo yake ni nyumbani: mkeka kivulini, beseni la maji, miguu ndani, tikiti limekatwa, simu imezimwa, na watoto wamwagiane maji mpaka wachoke wenyewe. Kapteni akasogea, masikio yamemsimama kama ya sungura. Alikuwa tayari kukubali. Ndipo Profesa akaharibu, akasema kupumzika nyumbani ndiko hatari zaidi. Kuna mtu anayemjua, alijilaza kivulini kwa bidii hata kivuli kikahama, naye hakukifuata. Akaiva upande mmoja, mkewe akawa anamsalimia mara mbili.

— Nenda zako safari, Kapteni, akamaliza. Angalau gari linahama na kivuli chake.

Kapteni alihisi mizigo yote ya nyumbani imempanda mabegani.

Hapo ndipo mama mmoja mtu mzima alipokata kona na begi mkononi, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Kapteni alisimama kama aliyechomwa sindano.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mkwe wangu. Mwanangu kanipigia simu, eti gari limepona. Nikadandia basi la kwanza, niwahi kabla hamjaanza kunifuata.

Wote wakamwamkia. Spana akafuta mikono kwenye suruali, akaanza kumweleza sifa za injini, na bibi akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akaenda mpaka kwenye gari lililoegeshwa pembeni, akachungulia dirishani, akakaa hapo akitazama ndoo na ngazi. Akarudi. Akawatazama wanaume waliojipanga kwenye kiti, na ile chupa imefungwa mkanda vizuri, imetulia kuliko abiria wote wa likizo.

— Na wajukuu wangu mlikuwa mnawakalisha wapi?

Spana akainuka polepole, kama sponji imeshika moto chini yake. Kikombe cha Mama Chupa kilibaki hewani.

— Mama, alisema Kapteni, na sauti yake ilikuwa ndogo, sijui. Sikufikiria. Na ile barabara naiogopa.

— Hilo nalijua tangu likizo ya kwanza, baba. Ndiyo maana nimekuja na nguo za kukaa.

Akafungua mkanda, akaikabidhi chupa kwa Mama Chupa, akakaa katikati ya kiti na kuvua viatu. Akaomba beseni. Kabla maji hayajafika, watoto walikwisha tokea mbio, mama yao nyuma yao akijaribu kutocheka, wakampandia bibi kila upande mpaka sponji ikazama.

Likizo yote ile bibi na wajukuu hawakukiachia kiti. Na wenye kijiwe wakanywa kahawa wamesimama, Mama Chupa kaipakata chupa yake kama mtoto mchanga, na Spana kila siku akiuliza kwa upole lini shule zinafunguliwa.