Mwalimu Evarist Hhando Hakuwa Mlevi

Wafiwa wenzangu, majirani wa Nambis, walimu mliotoka Endasak, na ninyi wazee wa usharika mliokaa safu ya mbele kana kwamba hamjui kitu, shikamooni. Mimi ni Verdiana, dada mkubwa wa marehemu, na familia imenikabidhi kusoma maisha yake. Jana mzee Tadei, mwenyekiti wa baraza la wazee, alinitumia ujumbe kwenye simu niandike tu kwamba aliugua kwa muda mrefu, nisichafue hali ya hewa. Nimekataa.

Marehemu Evarist Hhando alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 hapa Nambis, mtoto wa nne wa mzee Hhando Bura na mama Rahel, akaanza darasa la kwanza mwaka 1983, akamaliza kidato cha nne mwaka 1993, akasomea ualimu hadi 1996, na mwaka uliofuata akapangiwa shule ya msingi kule Endasak, shule ambayo siitaji, walimu wake wanajijua. Alifundisha hesabu miaka ishirini na sita, akipanda kwa miguu mlima ule wote wa kwenda shuleni kabla hajapata pikipiki. Tarehe 7 Julai 2001 alifunga ndoa na Mectilda, wakajaliwa watoto wawili, Fabiola na Bryson.

Februari 2023 alianza kuumwa mgongo, Juni akaanza kujikwaa kwenye ardhi tambarare, miguu inaburuta, anaanguka na vitabu mbele ya wanafunzi. Hapo ndipo midomo ilipoanza, mara mwalimu siku hizi anapiga vitu vikali, mara ameonekana anapepesuka saa nne asubuhi, na wala hakuna hata mmoja aliyemuuliza unaumwa wapi.

Jumapili tarehe 10 Septemba 2023, baada ya ibada, baraza la wazee lilimwita ofisini, mzee Tadei akachora mstari sakafuni kwa chaki, akamwamuru atembee juu yake, kisigino mbele ya kidole, kama hajalewa. Ndugu yangu aliyumba hatua ya pili, akaangukia benchi, na mtu akacheka, nasema alicheka! Hakuna aliyesikia harufu ya pombe, lakini wakamtenga kwenye Meza ya Bwana, barua ikafika shuleni, mwalimu mkuu akamsimamisha kazi, na Evarist akajifungia ndani miezi sita, hataki zahanati, hataki hospitali, kwa sababu kila aliyekutana naye alikuwa anamnusa mdomo.

Tarehe 11 Machi 2024 Mectilda alichoka, akampakia kwenye bodaboda, akamshika kiuno kwa nyuma hadi kituo cha afya, wakampata tabibu Mwantumu, binti wa Kiislamu aliyeletwa kazini huku kutoka Kigoma. Huyo hakunusa mtu. Alimvua viatu na suruali, akatazama misuli ya mapaja, akamkunja magoti na kuyakunjua akakuta yamekaza, akamwambia asukume kiganja chake kwa mguu, akagonga chini ya goti kwa nyundo ya mpira na mguu ukaruka kupita kiasi, akakwaruza wayo kwa ufunguo na kidole gumba kikanyanyuka juu badala ya kujikunja chini, mwisho akamwomba atembee kwenye mstari wa vigae, kisigino mbele ya kidole. Jamani, kipimo kile kile! Wazee walimpima dakika moja wakaona ulevi, yeye alimpima nusu saa akaona mikono ina nguvu, maneno yamenyooka, ni miguu tu, akasema kuna kitu kinabana uti wa mgongo, akaandika rufaa pale pale.

Hospitali ya Haydom walikuta kifua kikuu cha mifupa ya mgongo, wakaanza dawa, wakatueleza bila kutuficha kwamba angewahi miezi sita nyuma huenda angetembea. Mei miguu ilikufa kabisa, vidonda vya kulala vikafuata, damu ikaingia uchafu, na tarehe 19 Oktoba 2024, saa tisa alasiri, akafariki dunia. Barua ya daktari nilimpelekea mzee Tadei tangu Aprili, kila mwezi anasema adhabu itafutwa kikao kijacho, ndiyo maana leo mchungaji amekuja na koti badala ya joho, na mdogo wangu yuko karibu kuzikwa kama mpagani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Haydom, tabibu Mwantumu aliyesimama pale nyuma, na majirani mliombeba kwa machela. Walimu wenzake, asanteni kwa shada la maua, lingefaa zaidi kama mngemtembelea.

Mimi sijishukuru. Mimi ndiye katibu wa baraza, na siku ile niliandika kwa mkono wangu "inasadikika alikuwa amekunywa", huku Evarist akinitazama kutoka kwenye benchi, na sikunyanyua uso. Kitabu cha mihtasari ya vikao hiki hapa. Leo asubuhi nimeandika chini ya ukurasa ule kwamba tulimsingizia na kwamba hukumu imefutwa, nimeweka sahihi yangu, zimebaki nafasi tano, na wazee watano mmekaa mbele yangu. Kalamu hii hapa, mzee Tadei. Jeneza litasubiri.

Pumzika, Evarist, mdogo wangu. Sisi bado tuna kazi.