Drai na Karafuu za Khatib

Mwaka ule wa siasa tuliapishana: barazani kwa Soud muuza kahawa, njia ya Pujini, hatutaji chama. Watu walishaanza kununiana mpaka misikitini. Basi sisi tukawa twabishania Kiingereza, ambacho hakijavunja ndoa ya mtu. Siku hiyo aliyekileta ni Khatib. Karafuu zake za mwisho zilikuwa juani siku ya tatu, ndizo za gharama ya arusi ya binti yake Moza, na kesho azipeleke bandarini Mkoani kwa mkaguzi Mzungu. Alitaka amwambie kwa lugha yake kwamba zimekauka.

— Sema "drai," akasema Mwalim Abrahman wa skuli.

— Na kuanika jee, Mwalim? akauliza Khatib.

— Drai.

— Na kukauka zenyewe?

— Drai hiyo hiyo. Mara sifa, mara kitendo, kwa pale lilipokaa.

— Masikini! Neno moja kazi zote hizo? Hata punda wa Soud hupumzika!

Mzee Jaribu, tuliyemwita Keya, jina la jeshi la Mwingereza, kwa kuwa alipigana vita vya Bama, akatua kikombe.

— Mie najua sababu. Wakati wa vita kwao sukari kwa kadi, nyama kwa kadi. Maneno ndo yasalimike?

— Weye nawe, Keya! Maneno wanayo tele, wameyaficha Ulaya. Haya tuletewayo ni makombo.

Huyo alikuwa Mabruki, jirani yake Khatib. Aliingia kimya, akajibana mwisho wa benchi. Nilimwona. Nilijua pia kuwa ndiye aliyeachiwa zile karafuu azitupie jicho. Lakini mabishano yalishanikolea, sikumuuliza kamwachia nani.

— Makombo vipi, yakhe? akahamaki Mwalim.

— Ndo maana mabwana wakubwa hawasemi sana, akadakia Keya. Wachelea yatawaishia!

Tulicheka hata Soud akamwaga kahawa. Hapo akatokea Bi Mwatum, kutoka ng'ambo ya bonde, upande wa akina Khatib. Kwetu jua kali; yeye kanga zamchuruzika maji ya mvua.

— Khatib, baba, karafuu zako kazianua nani?

Khatib akamtazama Mabruki. Mabruki akatazama kikombe.

Khatib alitoka mbio, viatu akaviacha chini ya benchi. Niliviokota nikamfuata, polepole, kwani sikujua nikifika nimwambie nini, kwa lugha yoyote.