Kitufe Chekundu Nilikihamishia Kushoto

Chamgei, wapendwa! Mmeitikia kwa nguvu, utadhani hakuna hata mmoja wetu hapa aliyewahi kupigwa na kiharusi akashindwa kutamka jina lake mwenyewe.

Mimi ni fundi wa mbao. Wazazi wangu walitoka upande wa ziwa wakaja kufanya kazi kwenye mashamba ya chai. Hapa nilizaliwa, hapa nikaoa, na kiharusi kikanikuta hapa hapa. Wengi mnanijua kwa sababu ya mlango wa ukumbi huu. Leo nataka niwaambie ulivyomalizika, maana nusura usimalizike.

Kanisa liliniomba mlango wa paneli nne, kila moja iwe na tawi la chai. Nilichonga mbili kwa patasi. Asubuhi moja, nikiwa nimeanza kuchora ya tatu, patasi ikaanguka. Nikainama niiokote, na mkono wa kulia ukabaki ukining'inia kama mkono wa koti. Nyinyi mnajua. Nikiwaambia watu wengine, wananiuliza, "Kwani hukujaribu?"

Niliporudi kutoka hospitali nilifunga karakana kwa kufuli. Mke wangu akasema, "Baba, enda hata ukae tu huko ndani."

"Nikae nifanye nini? Nilinde vumbi?"

Nilikuwa mkali, ndugu zangu, nawaambia ukweli. Halafu siku moja mzee wa kanisa akaja na futi mfukoni. Alikuwa ametoka kupima nafasi ya mlango. "Hatukuharakishi, fundi," akasema, "tunapima tu." Lakini futi ina lugha yake. Nilijua kuna fundi mwingine anatafutwa. Nikamwomba angoje mpaka ibada ya mavuno, akakubali. Nilipobaki peke yangu nikajiuliza, nimeahidi kwa mkono gani?

Sasa, kwenye kona ya karakana kulikuwa na mashine ya kuchonga, imefunikwa turubai. Niliinunua kama chuma kuukuu kutoka kwa mtengeneza mabango wa Mulot aliyefunga kazi. Ina mota tatu: moja inapeleka kisu kushoto na kulia, ya pili mbele na nyuma, ya tatu juu na chini. Mota zilikuwa nzima. Kilichoungua ni ubongo wake, lile sanduku la kuziamuru.

Kuna mwalimu mstaafu katika kikundi hiki. Amenikataza kumtaja, kwa hivyo msiangalie kiti cha tatu. Alikuja kunisimamia mazoezi ya mkono, akaiona mashine. Akasema, "Fundi, kuna programu ya kuendesha mashine kama hii. Inakaa kwenye kompyuta ya Linux, ule mfumo wa kuendesha kompyuta usiouzwa. Watu wa nchi nyingi wanaiandika pamoja, na yeyote anaruhusiwa kuichukua, hata kuibadilisha. Ni bure."

"Mwalimu, kitu cha bure kina kasoro."

"Chai ya matangani si ni ya bure? Na wewe huongezwa kikombe cha tatu."

Nikachukua laptopu mpya ya binti yangu, maana nilidhani kazi kubwa inataka kompyuta ya kisasa. Maelekezo yalikuwa marefu, nikaruka ya mwanzo. Laptopu haikuwa na tundu la waya wa mashine, basi nikatafuta kiunganishi mjini Kericho. Nikawasha. Mota zikanguruma, zikakataa kusogea. Siku baada ya siku, nikibonyeza kwa kidole kimoja cha kushoto, nililaumu waya, stima, hata mkono wangu.

Mwalimu akaniuliza, "Ukurasa wa kwanza ulisoma?"

Nikajifanya natafuta bisibisi.

"Ulifanya kile kipimo cha kuchelewa?"

Niwaeleze polepole, maana hapa ndipo pananifurahisha. Kompyuta inasukuma mota kwa vipigo vidogo vidogo, maelfu kwa sekunde, na kila kipigo lazima kifike kwa wakati wake; kipimo kile kinaonyesha vinachelewa kiasi gani. Laptopu ina mbio, lakini kila mara inaacha kazi ili ipunguze moto au itunze betri. Ni kama mchumaji wa chai mwenye mikono ya haraka anayesimama kila mstari kupiga gumzo. Jioni kikapu chake kinapitwa na cha mama mkimya asiyesimama. Programu hii inamtaka huyo mama. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umesema wazi: laptopu hazifai, na viunganishi vya aina ile havifai kabisa.

Huyo mama tulimpata kwenye stoo ya Mwalimu. Kompyuta kuukuu ya mezani, kuku akitagia juu yake! Nyuma ina lile tundu pana la printa za zamani, ndilo hasa tulilolitaka. Tukampa kuku kikapu, tukapuliza vumbi, tukaingiza Linux iliyotayarishwa kutunza muda, kutoka kwenye flashi. Tukaanzisha kipimo. Mwalimu akafungua madirisha mengi kwenye skrini na kuyaburuta huku na huku, kuisumbua makusudi. Namba ikapanda kidogo, ikatulia. Ikatulia, wapendwa! Nilipiga kelele mpaka mke wangu akaja na mwiko mkononi.

Tulipounganisha waya na kuiamuru mashine isogee sentimita kumi, ikasogea tano. Nikapima kwa rula, tukaongeza vipigo maradufu, ikasogea kumi kamili. Nikaona nimeshafika. Nikaweka ubao wa paneli ya tatu mezani, ubao wenyewe wa mlango, badala ya kipande cha majaribio. Nikaiamuru ipandishe kisu.

Kikashuka.

Kilizama kwenye ubao kikizunguka, mbao ikatoa moshi. Pembeni nilikuwa nimefunga kitufe chekundu cha dharura, kichwa chake kama uyoga, cha kukata stima ya mashine yote. Nikaamuru mkono wangu ukibonyeze. Niliamuru tena. Mwalimu akaruka mbele yangu akakipiga kwa kiganja. Kimya.

Alihema, akakitazama kile kitufe. "Fundi, nani aliweka hiki upande wa kulia?"

"Mimi."

"Wewe wa sasa, ama wewe wa zamani?"

Ndugu zangu, nilikaa juu ya tofali nikalia. Halafu nikacheka, halafu nikalia tena. Miezi yote hiyo nilikuwa nimemtengenezea karakana mtu ambaye hayupo, nikimngoja arudi kazini.

Siku hiyo hiyo nilifungua skrubu za kitufe nikakihamishia kushoto. Nikahamisha kipanya, rula, kiti, hata msumari wa kutundikia kofia. Kosa la kisu lilikuwa dogo: alama moja tu kwenye programu ilikuwa imegeuka, ikisema chini ni juu. Tukairekebisha. Tukajaribu hewani kwanza, kisha kwenye kipande cha taka, na kila mara mkono wangu wa kushoto ulikuwa karibu na uyoga wake. Mashine ikaanza kuchonga jani la chai. Jani langu, nililolichora miaka mingi kwa penseli, sasa likiwa limeingizwa kwenye kompyuta! Mama mkimya hakusimama hata mara moja.

Mzee wa kanisa alirudi kabla ya ibada ya mavuno. Akapitisha kidole kwenye paneli ya nne, akarudisha futi mfukoni. "Basi," akasema, "njoo tupachike."

Namshukuru Mungu. Namshukuru mke wangu aliyevumilia ukali wangu, binti yangu na laptopu yake, na wale wageni wa mbali walioandika programu bila kujua kama nipo duniani. Na yule wa kiti cha tatu, kongoi mising, asante sana.

Mkifika nyumbani leo, angalieni kikombe chenu kimewekwa upande gani. Fimbo je? Swichi ya taa? Kama viko upande wa yule wa zamani, vihamisheni leo. Akirudi, atavikuta.

Na mkitoka hapa, tazameni paneli ya tatu, chini ya tawi. Kuna kiraka cha mviringo, pale kisu kilipozama. Kanisa lilitaka kunipa ubao mwingine, nikakataa. Kiguseni mkipita, kwa mkono wowote unaofika.