Levi Gichana, Jambazi Ambaye Mama Yake Hakuwahi Kumtazama

Ndugu waombolezaji, wengi wenu mmefika hapa Rangwe mkiwa na fulana zilizoandikwa Kamanda Nyundo, lakini tunayemzika leo, Ijumaa tarehe 16 Mei 2025, ni Levi Gichana Arasa, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Monari Arasa na Mama Bosibori, aliyezaliwa papa hapa tarehe 9 Septemba 1980, miaka miwili baada ya wazazi wake kuhama Kisii na kuanza kuuza ndizi sokoni.

Alianza shule ya msingi hapa Rangwe mwaka wa 1987, akaendelea na sekondari mjini Migori hadi kidato cha nne mwaka wa 1998, na kwa kuwa kuna mashabiki waliotuuliza kama alifukuzwa shule kwa kupigana, familia inajibu kwamba alikuwa kiranja wa maktaba na aliogopa hata majogoo.

Mwaka wa 2000 alikwenda Isebania kujifunza ufundi wa pikipiki, tarehe 11 Desemba 2005 akafunga ndoa na Joyline kutoka Mbita, wakajaliwa watoto wawili, Beverly na Austine. Mwezi wa Julai 2012, watu wa televisheni walifika pale Isebania mpakani kurekodi tamthilia, mwigizaji aliyepaswa kutoroka na pikipiki baada ya wizi akaiangusha mara tatu, fundi akaitwa ajaribu, akavalishwa koti la ngozi, na basi mtu ambaye hakuwahi kuchukua hata embe la jirani akawa jambazi Kamanda Nyundo kwa miaka kumi na mmoja.

Mama Bosibori, shemasi wa kanisa, alisema mwanawe aliyeshika bunduki, hata kama ni ya mbao, haingii sebuleni kwake kupitia runinga, na hakuwahi kumtazama akiigiza. Levi hakubishana naye, alikuja kila mwezi, akamrekebishia paa, wakaongea mambo yote isipokuwa kazi yake.

Agosti 2023 figo zilianza kumsumbua, akawa anasafishwa damu mjini Homa Bay mara mbili kwa wiki, hadi Jumanne tarehe 6 Mei alipofariki akiwa na umri wa miaka arobaini na minne, na tangu siku hiyo mama amekuwa akitaka kujua mnayemlilia ni nani, na kama ndiye yule aliyemzaa.

Juzi aliwaita vijana wa Isebania wakae mbele yake, akawauliza, "Huyu Nyundo aliua watu?" Cephas, aliyefundishwa ufundi na marehemu, akajibu, "Wengi sana, Mama, lakini ni kuigiza tu." Mama akauliza, "Na alikuwa anakula wapi?"

Cephas akafungua simu, akamwonyesha genge zima mezani, bunduki kando ya nyama choma, na Nyundo akivua kofia na kuinamisha kichwa kuombea chakula, kwa sababu siku hiyo Levi alisahau kwamba wanarekodi, mwelekezi akacheka na kuiacha hivyo hivyo. Nyinyi mashabiki mnakijua kipande hicho kwa moyo, lakini hakuna hata mmoja wenu aliyeona kwamba jicho moja liko wazi. Mama alikitazama mara tatu, akicheka huku machozi yanamtoka, akasema, "Huyu ni Levi wangu. Nimemfinya miaka yote na bado anachungulia nyama!"

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kuchota maji, mafundi wenzake na waigizaji wenzake waliosafiri mbali. Mama anawaomba vijana wa Isebania wasiondoke upesi, kesho ni Sabato, lakini Jumapili runinga ya Levi italetwa na kuwashwa sebuleni kwake, na anataka kuanza na kipindi cha kwanza cha tamthilia.

Lala salama, Levi. Mama yako anakuja kukutazama.